Jumapili ya Mwingereza, Jioni ya Rasbura

Jumapili ya tarehe 27 Oktoba 2024, kabla ya kupambazuka, Waingereza walirudisha saa zao nyuma kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka Jumapili ya mwisho ya mwezi huo. Ni desturi yao, wala hatuna neno nayo; kwao mwanga wa jua huwa haba wakati wa baridi, nao wanautafuta wanavyojua. Hapa kwetu Rasbura hatuna shida hiyo. Siku ile jua lilichomoza baharini kwa wakati wake, wavuvi wakavuta ngalawa zao pwani, akina mama wakapara samaki, na hapakuwa na mtu aliyegusa saa yake. Lakini ilipofika adhuhuri vijana wetu wa mpira walianza kupashana habari kwamba mechi yao, iliyokuwa ianze saa tisa, sasa itaanza saa kumi. Tukauliza kuna nini. Kijana mmoja akatujibu, tena bila mzaha hata kidogo: "Wazee, Uingereza wamerudisha saa."

Ndugu msomaji, usicheke upesi, maana kijana yule alikuwa na hesabu yake, na hesabu ilikuwa sahihi. Jumapili iliyotangulia, tarehe 20, Wolves walicheza na Manchester City saa nane mchana ya kwao, na kwa saa yetu ikawa saa kumi jioni. Vijana wa hapa, ambao kwa desturi huteremka uwanjani saa kumi u nusu jua likiisha kupoa, ilibidi wacheze saa tisa, mchanga ukiwaka moto, dakika 25 kila upande, ili wawahi nafasi kwenye benchi la kibanda cha televisheni. Saa za Uingereza ziliporudi nyuma, saa nane ya kwao ikawa saa kumi na moja ya kwetu, na kwa hiyo vijana wakapata saa moja ya ziada. Walifurahi kama watu waliopewa likizo. Lakini Jumapili ya mwisho ya Machi, saa za huko zikisogezwa mbele, wananyang'anywa tena.

Usiku mambo ni hayo hayo. Tarehe 20 Liverpool na Chelsea walianza saa kumi na mbili u nusu, baada tu ya Magharibi, na Isha ikawakuta watu katikati ya mchezo. Tarehe 27 Arsenal na Liverpool wakaanza saa moja u nusu, na safu za Isha msikitini zikajaa kuliko wiki iliyopita. Mzee mmoja alimshukuru Mungu kwa kuona vijana wameirudia dini. Hatukuwa na moyo wa kumweleza.

Twaandika haya si kwa kuwalaumu vijana, wala si kwa kuuchukia mpira wa Ulaya. Sisi wenyewe tulikuwemo kibandani usiku ule. Mmoja wetu, ambaye hatutamtaja kwa kuwa ana cheo katika tawi, alipiga kelele Salah aliposawazisha dakika ya 81 hata sauti ikamkauka, na mpira ukaisha 2–2. Twaandika kwa sababu chama kilichoanzishwa ili watu wajitawale hakina budi kujiuliza: jioni ya Jumapili ya mtu wa Rasbura inatawaliwa na nani? Bendera tuliipandisha wenyewe. Kodi twakusanya wenyewe. Lakini mechi ya watoto wetu, mita chache kutoka nyumba zao, yaanza kwa saa ya London.

Na la ajabu ni hili, kwamba Mwingereza mwenyewe, ambaye Jumapili yake ndiyo tunayoifuata, hakuiacha Jumapili hiyo ijiendee tu kama ng'ombe asiye na mchungaji. Aliiwekea sheria tangu zamani.

Televisheni ya BBC ilianza matangazo yake ya kawaida London tarehe 2 Novemba 1936. Vita ilipoanza mwaka 1939 ikafungwa, na mwaka 1946 ikafunguliwa tena. Kwa miaka mingi baada ya hapo serikali yao ndiyo iliyoamua televisheni iwashwe kwa saa ngapi. Hadi Februari 1957 kulikuwa na saa nzima ya jioni, tangu saa kumi na mbili hadi saa moja, ambapo hapakuonyeshwa kitu chochote, ili akina mama wapate nafasi ya kuwalaza watoto. Jumapili ilikuwa na ulinzi wa namna yake. Tangu saa kumi na mbili na robo jioni hadi saa moja na dakika 25 ulikuwa ni wakati uliotengwa kwa mambo ya dini, ili makanisa yasipokonywe waumini wao. Mwaka 1955 ilipofunguliwa ITV, televisheni ya matajiri wanaoishi kwa matangazo ya biashara, nao wakaanza mara moja tamasha lao kubwa la Jumapili usiku kutoka jumba la Palladium la London. Lakini hata matajiri hao walisubiri saa ya kanisa ipite. Utaratibu huo uliondolewa mwaka 1972, si kabla.

Fikirini kidogo miaka hiyo ilikuwa miaka gani. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Wazee wetu wa Lindi walikuwa wakizunguka na kadi, wakiambiwa na serikali ya mkoloni kwamba hawajaiva, kwamba kujitawala si mchezo, wangoje. Na huko London serikali ile ile ilikuwa haimwamini Mwingereza mwenzake kukaa mbele ya televisheni saa moja ya Jumapili pasipo amri. Twalitaja bila kinyongo, lakini twalitaja. Mtu aliyetuambia hatuwezi kujitawala alikuwa akijua sana kwamba taifa hujitawala hata katika saa ya kulala mtoto.

Sasa hebu tuitazame Jumapili yao ya leo, tangu asubuhi hadi usiku, kama mtu asomaye ratiba. Asubuhi mawaziri na wapinzani huketi mbele ya mwandishi wa habari wakaulizwa maswali ya wiki nzima, na anayekwepa swali huonekana na taifa zima akikwepa. Mchana kuna nyimbo za kanisani, kipindi kiitwacho Songs of Praise, kilichoanza tarehe 1 Oktoba 1961, miezi miwili na siku chache kabla ya Uhuru wetu, na hadi leo hakijafa. Kipindi hicho huzunguka nchi nzima. Leo kanisa kubwa la mji, kesho kanisa dogo la kijiji cha wavuvi, na wale wavuvi hujiona. Jioni kuna Countryfile, kipindi cha mashamba, kilichoanza mwaka 1988. Humo utamwona mkulima na kondoo wake, bei ya maziwa, ugonjwa wa ng'ombe, na hali ya hewa ya wiki ijayo kwa ajili ya mtu mwenye shamba. Kisha kuna Antiques Roadshow, tangu mwaka 1979, ambapo watu wa kawaida hupanga foleni wakiwa na vikombe vya bibi zao, saa za mababu na picha za ukutani, na wajuzi huwaeleza kitu hicho kilitengenezwa na nani na kina thamani gani. Usiku, tangu mwaka 2012, kumekuwa na misimu ya mchezo wa Call the Midwife, juu ya wakunga waliokuwa wakipanda baiskeli kuwazalisha wanawake maskini wa mashariki ya London katika miaka ya 1950 na 1960. Na katikati ya hayo yote, mpira.

Ukiisoma ratiba hiyo kwa makini waona kwamba karibu kila kitu ndani yake ni Mwingereza akijitazama mwenyewe. Kanisa lake, kondoo wake, kikombe cha bibi yake, mkunga wa mama yake. Sisi hapa twaijua sehemu moja tu ya Jumapili hiyo, nayo ni mpira, kwa sababu ndiyo sehemu iliyouzwa nje. Tukadhani Jumapili yao yote ni mpira. Yalikuwa makosa yetu. Mwingereza hauzi chakula chake chote. Huuza kilichozidi na kinacholeta fedha.

Tena chakula hicho hakipati bure. Kila nyumba ya Uingereza yenye kutazama televisheni hulipa ada ya mwaka, na mwaka 2025 ilikuwa pauni 174 na nusu. Wananung'unika sana juu ya ada hiyo, na wengine hukataa kulipa. Lakini ndiyo inayomwezesha mkulima wa kondoo kuonekana Jumapili jioni ingawa hakuna kampuni ya sabuni inayomtaka.

Tuje kwenye mpira wenyewe, maana hapa ndipo penye somo ambalo wengi hawalijui. Jumamosi, tangu saa nane na dakika 45 mchana hadi saa kumi na moja na robo jioni kwa saa za Uingereza, ni marufuku kuonyesha mchezo wa mpira moja kwa moja katika televisheni ya nchi ile. Chelsea wakicheza saa tisa ya Jumamosi, mtu wa London akiwa nyumbani kwake hawaoni. Mtu wa Rasbura kwa sh. 500 anawaona. Tulipowaeleza vijana kibandani jambo hili hawakuamini, wakasema tumezeeka. Ndivyo ilivyo, ndugu. Sheria hiyo ilianza katika miaka ya 1960, na aliyeisukuma zaidi alikuwa Bob Lord, mwenyekiti wa klabu ya Burnley. Hoja yake ilikuwa rahisi: watu wakiona Manchester United sebuleni, nani atakwenda kwenye uwanja wa klabu ndogo ya mji wake, akalipa kiingilio, akanunua chai? Klabu ndogo itakufa, na ikifa, wachezaji wa kesho watatoka wapi? Kwa hoja hiyo wakaifunga saa ile, na isipokuwa wakati wa uviko, viwanja vilipokuwa havina watazamaji, wameifunga mpaka leo.

Basi, kwa lugha nyepesi, Mwingereza alikilinda kiwanja cha mji mdogo wake dhidi ya televisheni yake mwenyewe. Sisi kiwanja chetu cha Rasbura tumekiacha kipigane na televisheni ya Mwingereza peke yake, mikono mitupu.

Wana na sheria nyingine. Kwa sheria yao ya utangazaji ya mwaka 1996 kuna orodha ya michezo ambayo haiwezi kufungiwa katika televisheni ya kulipia peke yake: Olimpiki, fainali za Kombe la Dunia, fainali za mataifa ya Ulaya, fainali ya kombe la FA, fainali za tenisi za Wimbledon, hata mbio za farasi za Grand National. Hiyo wanaihesabu kuwa mali ya watu wote, tajiri na maskini. Hatusemi kwamba wamefanya yote vyema. Ligi Kuu yao haimo katika orodha hiyo. Tangu mwaka 1992 mechi zake za moja kwa moja zimeuzwa kwa televisheni za kulipia, na Mwingereza asiye na fedha huenda kilabuni kunywa bia moja kwa saa mbili ili aone mpira. Naye, masikini, ana kibanda umiza chake, ila chake kina mazulia.

Turudi nyumbani. Bara la Tanzania lilikaa muda mrefu bila televisheni, na haikuwa kwa bahati mbaya. Redio tulikuwa nayo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na tulipojitawala tuliifanya iwe shule, baraza na uwanja wa mpira kwa pamoja. Lakini televisheni serikali ya Mwalimu iliiona kuwa ni anasa ya watu wachache wa mjini, kwa nchi ambayo watu wake walikuwa bado wakitafuta maji na zahanati. Ndugu zetu wa Zanzibar walituzidi. Wao walifungua televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku bara tulingoja hadi mwaka 1994, ilipoanza ITV ya Dar es Salaam, na haukupita muda mrefu ikaja televisheni ya taifa. Yako mengi ya kusemwa juu ya kungoja kule, na wapo wasemao tulichelewa mno. Sisi twaona kosa halikuwa kungoja. Kosa ni kwamba baada ya kungoja miaka yote ile, mlango ulipofunguliwa hatukukaa kikao kuuliza Jumapili ni ya nani. Kila mmoja alikimbilia antena yake.

Matokeo yake njooni muyaone hapa Mkoa wa Lindi. Mkoa huu si mkoa wa watu wasiojua mpira. Kariakoo ya Lindi ni jina ambalo wazee wa Dar es Salaam wanalikumbuka. Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya kombe la shirikisho nchini, ikafungwa na Simba 2–1 kule Sumbawanga. Mwanzoni mwa mwaka 2021 wachezaji wake walizuiliwa Luanda kwa habari za uviko, wakarudi Dar es Salaam, wakawatoa wale wale Primeiro de Agosto wa Angola kwa jumla ya magoli 7–5, wakaingia hatua ya makundi ya Afrika. Timu ya wilaya! Lakini waulize watoto wa Rasbura majina kumi na moja ya Namungo ya siku ile. Tumewauliza. Walifika wanne. Kisha, ili kutuonyesha kwamba si wajinga, wakatutajia kikosi kizima cha Arsenal pamoja na wa akiba, na ni nani ana maumivu ya goti.

Wala si lawama kwa watoto. Tangu mkataba wa mwaka 2021 kati ya shirikisho la mpira na Azam, wa miaka kumi na shilingi bilioni 225.6, Ligi Kuu yetu imepata fedha ambazo haikupata kuziota, na klabu zinalipa mishahara. Hilo ni jema na tunalisema. Lakini katika kibanda televisheni huwa ni moja. Yenye watu wengi ndiyo inayowashwa, na Namungo ikicheza saa moja na Arsenal, mwenye kibanda anajua ni ipi itakayomjazia benchi.

Na uwanja ukiwa mtupu si mpira peke yake unaokufa. Siku za nyuma mechi ya mtaa na mtaa ilikuwa ni gulio. Mama wa mihogo ya kukaanga yuko pembeni ya goli, mwenye madafu yuko chini ya mti, watoto wanauza barafu na karanga. Fedha ilizunguka Rasbura ikalala Rasbura. Siku hizi kibandani kila kichwa chatoa sh. 500, na ukiondoa haki ya mwenye kibanda, ambayo hatumnyimi, kilichobaki hupanda angani na kifurushi cha king'amuzi. Mama wa mihogo alitwambia kwamba Jumapili sasa ndiyo siku yake mbaya kuliko zote. Zamani ilikuwa ndiyo siku yake ya kununua sare za shule.

Labda msomaji wa Dar es Salaam atasema: Lindi mnaonekana katika televisheni, msilie. Kweli, twaonekana. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara yetu pale Somanga wilayani Kilwa, abiria na malori yakakwama, tulionekana sana. Twaonekana wakati wowote linapotajwa neno gesi. Gesi ya Songosongo, kisiwa cha wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, imekuwa ikizalisha umeme wa Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na bila shaka televisheni nyingi za huko zimewaka kwa moto wa kwetu. Mradi wa gesi ya kimiminika wa Likong'o, hapa hapa jirani, umetangazwa mara nyingi mpaka watoto wamekuwa watu wazima. Kwa hiyo tunaonekana tukizama na tunaonekana tukiahidiwa. Tukiishi, hatuonekani.

Wakati ni mali tele tuliyo nayo. Chukua kile kipindi cha Mwingereza cha vitu vya kale. Mwaka 1944, katika visiwa vya Wessel kaskazini ya Australia, askari mmoja aliokota sarafu mchangani, na tano kati yake zilikuwa sarafu za masultani wa Kilwa. Zilifikaje huko? Wataalamu wanabishana hadi leo. Huo ni mjadala wa Jumapili nzima, na mahali pake ni kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, mbele ya watoto wa shule ya pale, wala si katika chuo cha Sydney peke yake. Au chukua Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, na mifupa ile ililetwa bandarini Lindi vichwani na mabegani mwa wapagazi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Leo mnyama mkubwa kuliko wote amesimama katika jumba la makumbusho la Berlin, na watu hulipa kumwona. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wa kwetu, Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 wataalamu walimpa mmoja wa wanyama hao jina lake, Australodocus bohetii. Dunia ya wasomi yamjua Boheti. Tumeuliza darasa moja la hapa Lindi. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Na si lazima iwe mambo ya kale. Bei ya ufuta, ugonjwa wa minazi, upepo wa kusi utaanza lini, mwani unauzwaje, barabara imefika wapi. Mkulima wa Uingereza huambiwa hali ya hewa ya wiki yake Jumapili jioni, amekaa kitini na familia yake. Mvuvi wa Rasbura anajua kama mvua itanyesha Liverpool, kwa kuwa mtangazaji wa mpira amesema uwanja utateleza.

Tulipoanza kuzungumza mambo haya barazani, tulipata upinzani, na haki ni kuueleza. Vijana walisema wazee wana wivu. Mpira wa Ulaya ni mzuri, picha ni safi, refa hapigwi. Yote matatu ni kweli, hasa la mwisho. Wakasema pia kwamba wao hawakuja kibandani kwa sababu wamedharau uwanja, bali uwanja hauna nyavu, na mpira wenyewe umeshonwa mara tatu. Hapo tulinyamaza. Ni tawi gani limewanunulia mpira? Sisi wenye kadi tumechanga mara ngapi fedha za fulana za sherehe, na mara ngapi fedha za nyavu? Naye mwenye kibanda alisema, kwa adabu lakini kwa uchungu, kwamba alikopa ili anunue televisheni ile, na kwamba kufunga kibanda saa za mpira ni kumfunga yeye. Mtu huyu ni mwanachama mwenzetu, ana watoto wanne, na hatukubali atajwe kama mkoloni.

Kwa hiyo hatutaki marufuku ya serikali juu ya vibanda. Amri za namna hiyo huishia kwa mgambo kumnyang'anya mtu mali yake. Twataka mapatano, na twataka yaanzie hapa. Jumapili, tangu saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, kibanda kifungwe, iwe ni majira ya kiangazi ya Uingereza au ni ya baridi. Ile mechi kubwa ya usiku, ambayo ndiyo hujaza benchi, hatuigusi kabisa. Badala ya saa mbili hizo, tawi limpe mwenye kibanda haki ya kuuza vinywaji uwanjani. Nalo tawi lenyewe linunue mipira miwili na nyavu kabla ya kumwomba mtu yeyote kitu chochote. Mitaa mingine ya Manispaa ikifanya hivyo twaweza kuwa na ligi yenye saa yake, na saa hiyo isihame Machi wala Oktoba.

La pili ni la wabunge wetu. Mwezi Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa fainali za mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Twataka sheria isiyo na mwanya ya kuhakikisha kwamba michezo ya Taifa Stars katika fainali hizo, na fainali yenyewe, inaonekana bure kwa kila mwenye televisheni, hata yule ambaye kifurushi chake kiliisha mwezi uliopita. Fedha za viwanja ni za wananchi wote. Haiwezekani mtu wa Rasbura achangie uwanja kisha aukute mlango wa kuutazama umefungwa kwa ufunguo wa malipo. Kama Mwingereza amewawekea maskini wake mbio za farasi, sisi hatuwezi kuwawekea wetu timu ya taifa?

Na la tatu, kwa televisheni ya taifa, ambayo ni yetu. Hatuombi Jumapili nzima. Twaomba nusu saa, jioni, baada ya taarifa ya habari, kila Jumapili mkoa mmoja, watu wake wakiongea wenyewe: mkulima, mvuvi, mkunga, mwenye sarafu ya kale na mwenye swali kwa waziri. Zamu ya Lindi ikifika, Boheti bin Amrani awe wa kwanza.

Mambo haya matatu yataletwa kwenye mkutano wa tawi, na kila mwanachama aje na maoni yake, hata ya kupinga. Vijana wa mpira wamealikwa, kadi wawe nazo au wasiwe nazo. Mwenye kibanda naye tumempelekea barua. Amejibu kwamba atakuja, ila ameomba mkutano usifanyike Jumapili.